Herufi Ziitwazo Foleni

Lori la mbao lilikuwa limeshapita kituo cha mafuta, na mimi nimeshavua viatu na kuegemeza miguu juu ya begi langu, pale dereva alipotazama kioo cha pembeni akaniuliza:

"Mama, kuna mtu umemwibia?"

"Kwa nini?"

"Kuna binti anatufukuza kwa baiskeli. Anapunga kipande cha mbao. Kama kimedondoka kwenye mzigo wangu, namsubiri. Kama ni cha kukuchapia wewe, naongeza mwendo."

Nikatoa kichwa dirishani. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, yule tunayemwita Rula, kwa sababu tangu utotoni hawezi kuona picha imepinda ukutani akaiacha. Alikuwa amesimama juu ya pedeli, gauni amelifunga fundo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeinua herufi ya mbao juu kama refa mwenye kadi.

"Simamisha," nikasema.

"Si ulisema una haraka?"

"Nilisema nina safari. Haraka ni yako."

Akasimamisha huku akinung'unika. Rula akafika, akashika mlango wa lori, akahema mpaka sauti ikapatikana.

"Shangazi, shuka. Baba amefunga kabati. Ufunguo ameutia mfuko wa shati. Anasema herufi za Babu haziendi popote, na mchapishaji anazisubiri Ijumaa."

"Si mlikuwa mnacheka jana?"

"Jana. Leo ulipoondoka tu nikamwonyesha karatasi ya mwisho, ile nimezipanga zote kutoka A mpaka Z. Nikamweleza nilivyofanya. Nikamwambia A nyingi kabatini zimekosewa, sijui ni fundi gani aliyezichonga, kwa hiyo nimefuata ile moja iliyo sahihi. Akaikunja karatasi, akafunga kabati, akaenda kuosha rola ya wino. Hajanisemesha tena."

"Na hicho ulichobeba?"

"X. Ndiyo iliyobaki mezani alipofunga. Nikaona nisikufuate mikono mitupu."

Dereva akapiga usukani kwa kiganja. "Mimi hapa nilidhani ni mambo ya ndoa. Kumbe watu wanafukuza lori kwa ajili ya X!"

Nikavaa viatu, nikashusha begi. Nyumbani kwetu wawili wakifungiana midomo, anayeitwa ni shangazi, hata kama shangazi mwenyewe ni wa kupita tu. Nami ni wa kupita kweli. Nimeuza tiketi kwenye vivuko, nimepaka rangi vibao vya maduka, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, na kila mahali nilipokaa nimeacha sufuria. Kaka yangu amenipa jina la Abiria, na hata mkewe ananiita hivyo hivyo.

Tulirudi kwa miguu, Rula akikokota baiskeli, begi langu juu ya kiti. Rula alikuwa na miaka anaifanya kazi hii. Herufi za babu yake, zilizokuwa za mbao tupu, alikuwa akizichora upya moja moja kwenye kompyuta ili mtu yeyote popote aweze kuzitumia. Mchapishaji wa vitabu alikuwa ameziona, akazipenda, akataka ziandike majina ya vitabu kwenye majalada ya hadithi zake zote. Lakini Rula alikuwa ameshatoa neno lake: herufi zitatoka na jina la Babu, na kwa idhini ya baba yake, au hazitatoka kabisa. Sasa idhini ilikuwa imo mfukoni mwa shati pamoja na ufunguo.

Herufi zenyewe, ningependa anayesoma hapa azione vizuri kabla sijaingia kwenye ugomvi. Ni ndefu na nyembamba. Zile kubwa zinazidi kiganja changu kikinyooshwa. Herufi nyingi za vitabuni zina vikucha miguuni, vyembamba, vimechongoka kama vya paka. Hizi zina viatu. Tofali kabisa, pembe mraba, chini na juu, unene wake unakaribia kulingana na miguu yenyewe. Na zimebanana. Ukizipanga, bega la hii liko kwenye bega la ile, kiatu kinataka kukanyaga kiatu cha jirani lakini hakikanyagi. Baba yetu aliziita Foleni, kwa sababu alisema ni watu wanaosubiri jambo muhimu: wamesimama wima, hawasukumani, na hakuna anayetoka kwenye mstari.

Alizichonga kwa ajili ya lugha yetu. Kiwandani alikoajiriwa ujanani walikuwa na herufi zilizoletwa na meli, pana, zimenona, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wenye maneno mafupi. Siku moja ikaletwa kazi ya bango la mlangoni kwenye ukumbi wa maonyesho: WATAKAOCHELEWA HAWATARUHUSIWA KUINGIA. Baba akapanga WATAKAO, fremu ikajaa. CHELEWA ikashuka mstari wa pili. Chini yake HAWATA, chini yake tena RUHU, na SIWA ikabaki peke yake kama mtu aliyeachwa na wenzake. Kisha A zikaisha, maana waliozitengeneza walijaza E kibao na A za kutafutwa kwa tochi. "Mtu akimaliza kulisoma lile bango," baba alikuwa akisema, "maonyesho yameshakwisha na waliochelewa wako kitandani."

Basi akaanza kuchonga mwenyewe, nyumbani, dirishani, kwa patasi na tupa. Neno la kwanza kulipiga chapa likiwa zima lilikuwa HAWATARUHUSIWA. Lilikaa mstari mmoja, ukingo kwa ukingo wa karatasi, limejaa kama gunia lililoshonwa. Akalitundika sebuleni kwetu kwa furaha, na mama akagomba mwaka mzima kwamba wageni wakifika mlangoni wanasoma na kugeuka.

Alikuwa na desturi moja. Akichonga herufi, aliipaka wino, akaipiga chapa mara moja, akaitazama. Ikimridhisha, aliiweka kwenye nafasi yake katika droo. Isipomridhisha, aliitia jikoni. Hakuwa na rafu ya herufi za nusu nusu. Kwetu chakula kilipikwa kwa makosa ya baba, na mama alikuwa akisema K zinashika moto haraka kuliko S.

Na alizichonga zote. Hata Q, hata X, ambazo lugha yetu haina kazi nazo. Mtu alipomuuliza, alisema ukoo hauachi mtoto nje kwa sababu hana kazi.

Baadaye akafungua kiwanda chake, chumba kimoja cha mbele na uani, ndicho hicho alichorithi kaka. Mabango ya mpira, ya minada, ya chanjo, ya sinema, ya mikutano ya wakulima, yote yalitoka pale kwa Foleni. Nikiwa mdogo nilitembea na baba mjini. Hakuwa mtu wa kujisifu. Ila tukikaribia ukuta wenye bango lake alipunguza mwendo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Tulipofika nyumbani wifi yangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Eh! Abiria! Gari limekutapika?"

"Nimekosa mtu wa kunisengenya njiani, wifi, nikaona nirudi."

"Ingia basi. Humo ndani kuna bubu wawili sasa, na mimi nimechoka kuwatafsiria."

Chumba cha mashine kilinuka wino na mafuta ya taa kama siku zote. Nyaya zilikatiza juu kutoka ukuta hadi ukuta na vibanio vya nguo juu yake, kwa ajili ya kuanikia mabango. Mashine ilikuwa kimya. Kaka alikuwa anafuta rola ambayo ilikuwa safi kuliko sahani.

"Umesahau nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimesahau kuziona herufi za baba."

"Uliziona jana."

"Jana nilikuona wewe. Ukiwepo hakionekani kitu kingine."

Hakucheka. Rula akaiweka X mezani polepole. Kaka akaitazama X, akanitazama mimi.

"Mwambie mwanao kabati limefungwa."

"Shangazi, mwambie Baba nina macho."

"Mimi si posta," nikasema. "Na stempu sina. Ongeeni."

Nikaikunjua ile karatasi iliyokunjwa, nikailaza mezani na kuipapasa mpaka ikanyooka. Nitasema ukweli wangu: zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mpaka nikajivuna pale pale kana kwamba nimezichora mimi. Viatu vya mraba, vikali, vimekaa kwenye mstari kama vimewekwa kwa kamba ya fundi mwashi. Herufi nilizozijua zimechakaa, nyingine zimeng'oka pembe, hapa zilikuwa mpya, kama siku baba alipopuliza vumbi la mbao kutoka juu yake.

"Umezifanyaje zikarudi ujana?" nikamuuliza Rula.

Macho yakamwaka. "Ndiyo hiyo X, Shangazi! Herufi zote kabatini zimelika. A, I, K, W, N, zimefanya kazi miaka na miaka, kona zimekuwa mviringo, viatu vimekonda. Ukiziangalia hujui Babu alizichonga vipi hasa. Lakini X na Q hazijawahi kutoka kwenye droo. Ziko kama alivyoziacha. Nikapima viatu vya X, nikapima tumbo la Q, nikazirudishia zile nyingine zote. Mkono wa Babu umo mle, haujaguswa."

Kwa mara ya kwanza kaka akasimama wima.

"Haujaguswa!" akasema. "Ndiyo, haujaguswa. X hiyo haijafanya kazi hata siku moja. Imekaa tu, inakula nafasi, pembe kali kama huyu Abiria. Na wewe unazichukua zile zilizobeba mji huu mgongoni unaziambia zifanane na hii!"

"Na bado X ina nafasi yake kwenye droo," nikasema. "Sijui Abiria kama anayo."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Hasira ya nini, kaka? Pembe tu?"

"Hizi si zetu." Akaiwekea kidole ile karatasi, na kidole hakikwenda kwenye pembe wala kwenye viatu. Kilikwenda kwenye A. "Hizi si zetu, basi."

Machozi ya Rula yalikuwa karibu lakini hana tabia ya kuyamwaga. Akasema tu, "Nimefuata ile moja sahihi, Baba. Ile nyeusi. Ile ndiyo ya Babu."

Kaka akarudi kwenye rola yake.

Nami nikanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

"Wa nini?"

"Baba alikuwa baba yangu pia. Naomba nizione, halafu nipande lori lolote litakalopita. Ukininyima hilo, utanieleza sababu mbele ya mkeo."

Wifi akakohoa mlangoni. Kaka akautoa ufunguo, akaufungua mlango wa kabati mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu na kitasa kile kibovu.

Droo ya A ndiyo kubwa kuliko zote, ya chini kabisa, inayovutwa kwa mikono miwili. Nikaivuta. Rula akachuchumaa kando yangu, akaichukua ile aliyoiita sahihi. Ilikuwa mbao nyeusi, nzito, imepasuka kwa pembeni. Nyingine zote zilizokuwa nzima zilikuwa za mbao nyepesi, rangi ya chai ya maziwa. Sikuzifahamu. Nilipoondoka nyumbani mara ya kwanza A zote zilikuwa nyeusi.

"Tazama, Shangazi," akasema Rula kwa sauti ya chini. Hata katika huzuni yake hakuweza kuacha kufundisha. "Mkanda wa ile ya Babu, huu mstari wa kukatiza katikati, uko juu, karibu na kifua. Hizi nyeupe mkanda umeshuka mpaka chini ya kiuno. Zote zimeshuka sawasawa. Nilidhani ni fundi fulani aliyeajiriwa, akakosea ya kwanza, akanakili kosa lake."

Kaka alikuwa ameacha kufuta rola. Nilimtazama mikono. Mkono wa kulia ulikuwa umefunika dole gumba la kushoto, dole lile lenye kovu refu ambalo mimi siku zote niliambiwa alibanwa na mlango.

Kabla sijasema neno, wifi akaingia ndani.

"Hiyo mbao unaijua wewe?" akamuuliza bintiye. "Huijui. Hiyo ni kitanda changu cha harusi."

"Mama?"

"Ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Mwaka mzima nimelala chini kwenye godoro kwa ajili ya hizo A. Watu wanamtembelea bibi harusi, wanauliza kitanda kiko wapi. Kiko kwenye bango la mpira, nawaambia, nendeni mkakitazame!"

"Wewe mwanamke, nyamaza," kaka akasema, lakini alisema taratibu, kama mtu anayeomba maji.

"Sinyamazi. Nimenyamaza tangu asubuhi. Mtoto anasema fundi gani aliyezikosea, na fundi amesimama hapo anaosha rola."

Rula akamgeukia baba yake. Mimi nilikaa chini sakafuni. Miaka hiyo nilikuwa kwenye vivuko. Barua nilizopata zilisema wote wazima, mvua imenyesha. Hakuna aliyeniandikia habari za A.

Kaka akazungumza akiitazama mashine, si sisi. Alisema ulikuwa msimu wa kazi nyingi, mabango kila siku, na A zilikuwa zimekwisha kulika, nyingine zikipasuka zikiwa ndani ya fremu. Baba macho yalikuwa yameshafifia, hawezi tena kushika patasi. Mbao nyeusi haikupatikana. Kitanda kilikuwepo.

"Na mkanda?" Rula akauliza. "Kwa nini umeushusha?"

Kaka akaichukua ile A nyeusi mkononi mwa bintiye, akachukua nyeupe moja, akazikaza kwenye fremu kwa kabari. Akapaka wino, akalaza karatasi, akavuta. Akaibandua na kuilaza mbele yetu.

Ya baba ilitoka nzuri, imesimama kama mfalme. Lakini juu ya mkanda, pale penye jicho, palikuwa na doa. Herufi ni nyembamba, mkanda uko juu, jicho limebaki kama tundu la sindano, na wino umelijaza. Ile nyeupe jicho lilikuwa wazi, pembetatu ndefu, safi, unaweza kuchungulia. Nilipozitazama tena A zilizokuwa kwenye karatasi ya Rula nikaona alichokiona kaka: zote zilikuwa zimefumba jicho nusu, kama watu waliosimama foleni wakisinzia.

"Imeshuka kwa makusudi," akasema Rula.

"Kwani nilikuwa mlevi?"

"Babu alijua?"

Hapo kaka akakaa, juu ya kiti cha kupangia herufi.

"Ile ya kwanza nilimpa mkononi. Nilisema, hii ni A mpya. Akaipapasa. Akapitisha kidole kwenye mkanda, akarudi, akapitisha tena. Nilikuwa nimesimama hapo, jiko linawaka uani, nalisikia. Akasimama, akapapasa kabati mpaka akaipata droo, akaiweka kwenye nafasi yake. Akafunga."

Wifi akafuta uso kwa kanga, akisema ni mafuta ya taa.

"Kwa nini hukuniambia, Baba? Miaka yote hii nazichora uko nyuma yangu!"

"Ulikuwa unampiga picha X," kaka akasema. "Niliona una mgeni."

Tukacheka wote, mimi zaidi, kwa sababu nilikuwa sakafuni na kucheka sakafuni hakuna pa kuanguka.

Rula akawasha kompyuta pale pale, juu ya meza ya kukatia karatasi. Kaka akasimama nyuma ya kiti chake, miwani kwenye paji la uso, kisha puani, kisha kwenye paji tena.

"Shusha mkanda. Tena. Tena kidogo. Hapo umemfunga magotini, pandisha. Basi! Usiguse."

"Na unene wake?"

"Mwembamba kuliko kiatu. Mkanda ukinenepa kuliko kiatu mtu anaonekana amekula peke yake."

"Na pembe, Baba? Nizikate, ziwe kama zilizochakaa?"

Nilidhani vita vinarudi. Kaka akaichukua X, akaigeuzageuza, akapitisha dole lake lenye kovu kwenye ukingo.

"Acha kali," akasema. "Zikianza kazi zitachakaa zenyewe."

"Za kompyuta hazichakai."

"Basi maskini zao."

Akaendelea kumpa masharti, naye akayaandika. Foleni isiandikwe ndogo: ukiidogosha macho yanafumba na msomaji anafumba yake pia. Isitumike kwa kurasa za ndani za kitabu, kazi hiyo ina wenyewe, wenye subira. Hii ni ya jalada, ya bango, ya kichwa cha gazeti, ya mlango, mahali popote penye neno refu na nafasi finyu na mtu anayepita. Isivutwe ikapanuliwa, maana mtu mwembamba ukimvuta pande mbili hanenepi, anararuka. Na isiachanishwe. "Ukiona mwanga mwingi kati yao," alisema, "hiyo si foleni tena, hao ni watu wanaotawanyika."

Mchana akataka kuziona barabarani, kwa sababu baba hakuwa akiamini herufi iliyoangaliwa ndani ya nyumba. Rula akauliza waandike neno gani.

"Lenye A nyingi," akasema kaka.

"Andikeni WATAKATAA," akasema wifi kutoka uani. "Ndiyo tabia ya nyumba hii."

Rula akaenda duka la fotokopi la jirani, akarudi na karatasi ndefu kama mkeka. Tukavuka barabara, tukaibandika kwa gundi kwenye ukuta ule wa zamani wa mabango, ambao siku hizi una matangazo ya simu tu. Kisha tukarudi upande wetu na kusimama mlangoni kama watu wasiohusika.

Lilisimama pale. Nyeusi, refu, limebana, macho yote wazi. Lilikuwa neno moja lakini liliushika ukuta mzima.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mwanamume mwenye ngazi begani. Akasoma, akatazama kulia na kushoto. Wa pili mama mwenye kikapu.

"Nani watakataa?" mama akauliza.

"Walimu, nadhani."

"Walimu walishakataa mwezi uliopita. Hawa wengine."

"Wanakataa nini lakini?"

"Hawajasema. Ila wameamua, unaona walivyosimama."

Muuza magazeti akaacha meza yake pembeni ya barabara akaja. Huyu amekaa pale tangu baba yetu yuko hai, na zamani alikuwa akivuta wateja kwa kusoma mabango kwa sauti. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja. Kisha akageuka, akatuona, akavuka barabara bila kuangalia magari, watu wakampigia honi.

"Herufi za mzee hizo!" akapiga kelele. "Ndiyo! Viatu vile navijua hata nikiwa nimelala. Nilidhani zimekufa naye. Nani amezitoa?"

"Huyu," kaka akasema, akamshika Rula bega. Nilidhani ameishia hapo, na pengine yeye mwenyewe alidhani hivyo. Lakini watu walikuwa wameshaanza kukusanyika upande ule, yule wa ngazi anamwelekeza mwingine, na neno linawatazama. Kaka akavimba kifua, mtu ambaye maisha yake yote amejibu sifa kwa kusema mashine ndiyo imefanya.

"A ni zangu," akasema.

"Zako vipi?"

"Nilizichonga mimi. Zote tano zile. Mkanda ule ni wangu."

Muuza magazeti akaligeukia tena lile neno, akalikagua A moja moja.

"Ndiyo maana," akasema. "Ya mzee ilikuwa inasinzia kidogo. Nilimheshimu tu sikumwambia."

Kaka akacheka mpaka akashika mlango.

Herufi zilitumwa Ijumaa, kabla mchapishaji hajapiga simu kuuliza. Rula aliandika jina la Babu kama mchongaji, na chini yake la baba yake. Kaka alisema moja linatosha. Rula hakumsikiliza. Majalada ya kwanza yalitoka mwaka uliofuata, na wilaya kadhaa zilianza kuitumia Foleni kwenye mabango ya chanjo na ya mikutano. Kuna mtu aliivuta ikapanuka kwa ajili ya duka la magodoro. Rula alimwandikia, hakujibu, duka bado lipo.

Kaka aliendelea na mashine hadi mgongo ulipokataa. Sasa anakaa mlangoni na kusahihisha vibao vya watu kwa mdomo. Wifi amenunuliwa kitanda cha chuma. Rula ameajiri wasichana wawili, na wanatengeneza herufi za watu wengine, za vitabu vya shule zaidi. Kabati liko pale pale, na mwenye kutaka bango la herufi za mbao bado anapigiwa chapa. Muuza magazeti alifariki. Magazeti yaliandika jina lake kwa herufi za kawaida. Dereva wa lori nilimkuta tena barabarani, amehama kwenye mbao anabeba saruji. Mimi niliondoka Jumamosi ile. Nimeishi miji mitatu tangu hapo, na kwa sasa nina chumba juu ya duka la baiskeli, ambako napaka rangi vibao mkono unaponiruhusu.